Kamati ya Maafa Nyumbani kwa Baba

Baba yangu alijiandaa na mvua kubwa kwa kupanda juu ya nyumba yake na kuongeza udongo. Mimi, binti yake, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi na katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, nilijiandaa kwa kusimama chini na kumpigia kelele ashuke. Kila mmoja wetu alikuwa na uhakika kwamba mwenzake ndiye mjinga.

"Baba, shuka!"

"Nishuke niende wapi? Mvua inakuja."

"Ndiyo maana nasema ushuke."

"Na mimi ndiyo maana nimepanda."

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe. Kwa asiyezijua nyumba hizi za kwetu Ugogoni, paa lake ni bapa, halina bati wala nyasi za kuning'inia. Unasimamisha nguzo, juu ya nguzo unalaza boriti, juu ya boriti unapanga fito, juu ya fito unatandaza majani, na juu ya majani unamwaga udongo na kuushindilia kwa miguu. Jua likiwaka nje, ndani kuna ubaridi mzuri kuliko nyumba yoyote ya bati. Mvua zetu ni haba, kwa hiyo paa hilo linatosha. Likivuja, unapanda na kikapu cha udongo unaziba. Baba alikuwa amepanda na kikapu chake kila mwaka tangu kabla sijazaliwa, na hakuna mwaka hata mmoja aliowahi kushusha udongo. Paa lilikuwa limefika unene wa kwenye magoti yangu, na mimi si mfupi.

Sasa udongo mkavu ni mzito, lakini udongo ulionyeshewa siku tatu ni habari nyingine kabisa. Nalifundisha jambo hilo darasa la tano kwa ndoo mbili na mizani ya kuazima dukani, na wanafunzi wote wanalielewa, hata wale wanaolala. Baba hakulielewa, au alilielewa akanyamaza. Mwaka ule redio ilikuwa inasema kila asubuhi kwamba mvua zitazidi kiasi, watu wa mabondeni wahame. Kijiji kilikuwa na nyumba nyingi za kuhofia, lakini nitasema ukweli wangu: mimi nilikuwa nahofia moja. Nilikuwa namwona baba amelala, na lile paa lote la miaka yote linamshukia.

Nilikuwa nimemwandalia chumba kwangu. Nyumba yangu ni ya tofali na bati, iko juu karibu na shule. Niliweka kitanda, neti, na ndoano ukutani ya kutundikia fimbo yake. Alikuja akakikagua, akakaa kitandani, akabonyeza godoro kwa kiganja, akasema ni chumba kizuri sana, akanywa chai, akarudi kwake.

"Nyumba ile nimeijenga na mama yako," aliniambia nilipomfuata. "Mimi nilikata miti, yeye alibeba udongo kichwani. Sasa nimwachie nani?"

Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mimi nina hasira za karibu, kijiji kizima kinajua, na siku ile nilimjibu baba maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kamati yetu ilikuwa na watu wanne. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye hajawahi kumaliza mkutano kwa wakati kwa sababu humshukuru kila mchangiaji kwa mchango wake mzuri. Mgambo alichaguliwa kwa kuwa alikuwa na buti. Wa tatu alikuwa bibi mmoja wa kwaya, rafiki wa mama yangu tangu usichana wao, aliyechaguliwa kwa kuwa hakuna mtu kijijini aliyewahi kumkatalia jambo. Mimi nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko.

Mtaalamu aliyetumwa kutufunza alikuwa amefanya kazi miaka mingi upande wa Mtera, kule bwawani, na kila alichokijua kuhusu maafa kilianza na mtumbwi. Sisi hatuna mtumbwi. Tuna korongo, na ilikuwa mwezi wa tisa, na korongo lilikuwa limekauka hivi kwamba wanawake walikuwa wanafukua mchanga kwa bakuli kutafuta maji ya kunywa. Mtaalamu alisema haidhuru, mafunzo ni mafunzo. Akatupanga kwenye mchanga huo huo, tukalala kifudifudi, tukaanza kupiga mikono na miguu kwa kufuata filimbi yake. Mwenyekiti alipiga kwa adabu, polepole. Bibi wa kwaya alikataa kulala, akaogelea amesimama.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachota maji alituangalia kwa muda.

"Mwalimu, mmepoteza nini?"

"Hatujapoteza kitu. Tunajifunza kuogelea."

Akanitazama mimi, akautazama mchanga, akasema, "Mungu awasaidie," akaendelea kuchota.

Mtaalamu aliondoka akatuachia vifaa: boya moja la kuvaa, la rangi ya machungwa, kipaza sauti kimoja na rangi nyekundu nusu ndoo. Boya alilivaa mgambo siku ile ile na hakulivua tena. Alisema linazuia upepo. Alilivaa kanisani, alilivaa kwenye harusi ya mpwa wake, na ukimsalimia kwa kumpiga bega lilikuwa linatoa sauti ya kukohoa.

Rangi ndiyo iliyoniponza mimi. Tulikuwa tumeelekezwa tuweke alama kwenye nyumba zilizo hatarini, ili siku ya siku ijulikane tuanzie wapi. Nikachagua kuweka X. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Mtanzania yeyote, awe amesoma au hajasoma, anajua X nyekundu ukutani ina maana gani: barabara inapita hapa, nyumba itavunjwa, na mwenyewe atalipwa fidia. Sisi watu wa Dodoma, tangu makao makuu yahamie kwetu, tumeziona alama hizo mpaka kwenye vyoo.

Kesho yake asubuhi nilikuta watu wamejipanga mlangoni kwangu. Walikuwa wale ambao sikuwawekea X.

"Mwalimu, kwangu umeniruka. Nyumba yangu ni ya hatari sana."

"Nyumba yako iko juu ya mwamba."

"Ukuta ukiusukuma unaanguka. Njoo uone." Na kweli tulikwenda, akausukuma mpaka jasho likamtoka, na haukuanguka, akaumia bega.

Mwingine alijenga kibanda kipya ndani ya siku mbili, ukingoni kabisa mwa korongo, mahali pabaya kuliko pote, kisha akaniita kwa heshima nije nikiwekee alama. Na wale waliokuwa na X tayari waliapa kwamba hawatoki hata kwa dawa, maana wathamini wanaweza kuja wasimkute mtu. Kwa hiyo katika juma la kwanza la kazi kamati yangu ilikuwa imefanikiwa kuongeza nyumba bondeni na kuwafunga wakazi wake wasihame. Nilikaa jikoni nikacheka peke yangu mpaka nikalia.

Baba hakutaka fidia. X yake aliifunika kwa samadi ya ng'ombe, akalainisha vizuri kwa mkono.

"Mimi barabara siitaki," alisema.

"Si barabara, baba. Ni mvua."

"Hiyo nayo siitaki kupitia sebuleni."

Tukafanya zoezi la majaribio. Niliupanga mpango mimi mwenyewe, kwenye karatasi, kwa rula. Mgambo atatoa ishara kwa kipaza sauti. Kamati itapita nyumba kwa nyumba kuanzia bondeni, itawatoa watu, itawapeleka shuleni, na kazi yote itaisha ndani ya saa moja.

Nyumba ya kwanza tulibisha hodi. Tukakaribishwa. Ukikaribishwa nyumba ya Mgogo huwezi kusimama mlangoni kama mdai, kwa hiyo tukaingia. Ukiingia unakaa. Ukikaa mnasalimiana, na salamu za kwetu hazina haraka: mbukwa za asubuhi, habari za nyumba, za watoto, za waliosafiri, za ng'ombe, za shamba, za mgonjwa wa mwaka jana, kisha zamu inahamia kwa mgeni wa pili na zinaanza upya, na sisi tulikuwa wanne. Zilipoisha, ugali wa uwele na mlenda vilikuwa vimeshafika. Nikasema hatuli, tuko kwenye zoezi la dharura. Mama mwenye nyumba akanitazama kwa huruma, akamuuliza bibi wa kwaya, "Huyu mwalimu anaumwa?"

Tukala. Nyumba ya pili tukala. Nyumba ya tatu mwenyekiti aliomba maji ya kunawa kabla hatujaulizwa. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumefikia nyumba tano, hakuna mtu hata mmoja aliyefika shuleni, na mgambo alikuwa amelegeza kamba za boya ili tumbo lipate nafasi.

Nikawaka. Niliwasimamisha njiani nikawaambia kwamba mafuriko hayapigi hodi wala hayasubiri mlenda upoe.

"Ndiyo, mwanangu," alisema bibi wa kwaya. "Mafuriko hayana adabu. Sisi tunayo."

Kwenye taarifa ya zoezi, penye sehemu ya changamoto, niliandika neno moja: ukarimu. Wilayani hawakunijibu.

Mvua zilianza kwa heshima, siku mbili tatu za kulainisha shamba, watu wakafurahi wakapanda. Kisha zikafungulia. Ilinyesha siku ya kwanza mchana kutwa, ikanyesha ya pili, na asubuhi ya tatu korongo tuliloliogelea likiwa kavu lilikuwa linapita na miti mizima, maji mekundu, yakivuma hata usisikie mtu aliye karibu nawe. Kile kibanda cha fidia kilikwenda nayo. Mwenyewe alikuwa amekiacha, alhamdulillahi, akasimama kwenye mwinuko akakitazama kinapita. Habari za wathamini hazikutajwa tena. Maji yalipogusa magodoro watu walitoka wenyewe bila kamati, wakajaza madarasa yangu na kuku wao.

Nyumba ya baba haikuwa karibu na maji. Hapo ndipo alipokuwa akinishindia. Yeye kila siku alisema maji hayatamfikia, nami kila siku nilisema sizungumzii maji ya chini. Siku ile ya tatu, mchana, niliwahesabu watu shuleni darasa kwa darasa, nikawakuta mbuzi wa baba wamefungwa kwenye varanda ya darasa la pili, na baba hayupo.

Nilishuka mbio. Nilianguka mara mbili. Nilimkuta amekaa sebuleni kwenye kigoda, ametulia, moto unawaka, sufuria la chai jikoni. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yanadondoka pembe zote, naye alikuwa ametegesha vyombo: bakuli, kibuyu, beseni, kopo la rangi. Zile fito zilikuwa zimepinda katikati mithili ya mgongo wa punda mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umelowa. Sogea motoni."

"Mbuzi umewapeleka shuleni."

"Nimewapeleka. Paa hili si la kuaminika."

"Na wewe?"

"Mbuzi hawakujenga hapa."

Nilimsihi. Nilimpigia magoti kwenye matope. Nilimwambia kwamba nimeshamzika mama na sina nguvu za kumfukua yeye kwa koleo. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo, kwa sauti ya juu kwa sababu ya mvua na kwa sababu nilikuwa nalia. Alinisikiliza. Kisha akasema nikimbie mimi, nina watoto wa watu kule shuleni.

Hapo akili zangu zikaniruka. Nikavuta kigoda cha pili, kilichokuwa karibu na nguzo ya kati, nikakaa.

"Basi na mimi sitoki."

"Toka, mama."

"Sitoki. Tutaona nani mkaidi."

Tukakaa. Katibu wa kamati ya maafa alikuwa amekaa ndani ya nyumba aliyoiwekea X kwa mkono wake, chini ya paa alilolifundishia kwa ndoo na mizani, amenuna. Juu yetu kitu kililia, ile sauti ya mti unaoanza kuchoka. Baba aliinuka akasogeza beseni kidogo kushoto.

Kisha nje ikasikika sauti kubwa ya kipaza sauti. "Mzee! Toka nje haraka! Hii ni amri ya kamati!"

Baba alikunja uso. "Nani huyo anapiga kelele mlangoni kwangu bila hodi?"

Kisha kipaza sauti kikasema, kwa unyonge lakini bado kwa sauti ya kusikika mpaka Mvumi: "Hodi."

"Karibu," alisema baba. "Karibuni ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Na wakaingia. Nawaapia waliingia. Mwenyekiti akiinama mlangoni kwa sababu ya unene, mgambo na boya lake, bibi wa kwaya amejifunika mfuko wa nailoni wa mbolea. Walikuwa wamekuja kumtoa mzee, na kunitoa mimi, na baada ya lile zoezi nilikuwa nimewaandikia kwa rula kwamba wasiingie, na waliingia. Baba aliwapa vigoda. Wakakaa. Akaanza salamu.

Mbukwa za mchana. Za nyumbani. Za watoto. Za ng'ombe. Mwenyekiti alijibu zote, na macho yake yalikuwa juu kwenye boriti, na jasho lilikuwa linamtiririka ingawa kulikuwa na baridi. Zamu ikaenda kwa mgambo. Baba akamimina chai. Donge la udongo likaanguka ndani ya kikombe cha mwenyekiti, akalitoa kwa kidole, akashukuru kwa chai nzuri. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumvunjia mzee heshima nyumbani kwake, na mimi nilipofungua mdomo nilisikia kwamba ninachotaka kufanya ni kucheka. Tungekufa wote watano, na vikombe mkononi, na salamu zikiwa zimefika kwenye habari za mashamba.

Boriti ililia tena, safari hii kwa muda mrefu. Udongo mwembamba ukatumwagikia mabegani kama unga wa chekecheke.

Bibi wa kwaya aliweka kikombe chini. Alikuwa amemaliza chai yake yote.

"Shemeji," alisema, maana ndivyo alivyomwita baba tangu siku za harusi, "tumekunywa, tumeshukuru. Sasa tunaomba njia."

"Mapema hivi?"

"Mapema. Tunaomba ruhusa ya kuondoka." Akainuka, akajifunika nailoni yake, akafika mlangoni, akageuka. "Sasa shemeji, wageni wako tunaondoka, na wewe umekaa? Hutusindikizi?"

Baba alinitazama mimi pale nilipokaa. Akalitazama paa, na naapa ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Kwetu mtu anaweza kukataa kuhama, anaweza kukataa amri ya serikali na kilio cha binti yake. Kukataa kumsindikiza mgeni ni jambo ambalo sijawahi kusikia.

Akachukua fimbo yake. Hakuchukua kitu kingine, hata blanketi, kwa sababu anayesindikiza anarudi. Alisubiri mpaka wote tumetoka, akatoka wa mwisho, akavuta mlango nyuma yake akaufunga kwa kamba.

Kwenye uzio wa minyaa alisimama, pale anaposimama siku zote. "Haya. Mimi niishie hapa. Msalimieni wa huko."

"Shemeji, njia hii inateleza," alisema bibi. "Nishike mkono mpaka pale kwenye jiwe."

Akamshika mkono mpaka kwenye jiwe. "Haya sasa."

Hapo mwenyekiti wetu, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kumsumbua yeyote, alikaa kwenye matope. Hakuanguka, nilimwona, alijishusha taratibu akakaa, na tope likamfika kiunoni. "Mzee," aliita, "nimeteleza. Naomba unisaidie." Baba akaenda kumwinua, kazi si ndogo. Alipomaliza tu, mgambo akajitupa upande wa pili, boya likakohoa. Baba akaenda kumwinua mgambo. Ndipo nilipoelewa, nami nikajibwaga hatua chache mbele. Tukapanda mlima wote hivyo, kamati nzima ikianguka kwa zamu, na mzee wa miaka sabini na ushee akituokota mmoja mmoja na kutufuta matope, akilalamika kwamba watu wa siku hizi hawana miguu.

Tulikuwa karibu na uwanja wa shule tuliposikia. Haukuwa mshindo mkubwa. Ulikuwa mzito na mfupi, nikausikia kwenye nyayo kabla ya masikio.

Baba alikuwa amemshika bibi mkono. Alisimama, hakugeuka nyuma. Mvua ilikuwa inampiga usoni na hakujifuta.

"Ni nyumba," alisema.

Nilimkumbatia kwa nyuma, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nimesema kweli muda wote, na sikupata raha hata ya tone moja.

"Twendeni," alisema. "Nimeshawasindikiza, niwafikishe."

Sasa anakaa kwangu, kwenye chumba chenye ndoano. Godoro analisifu kila asubuhi kama mgeni. Jumapili baada ya chakula cha mchana anainuka, anachukua fimbo, ananiambia, "Naomba njia, mama," nami sibishani naye. Namsindikiza mpaka kwenye minyaa. Anaingia peke yake, anazunguka kile kilima cha udongo kilichobaki, anagusa ncha ya nguzo ya kati inayochomoza, anarudi. Halafu anasema, "Haya, na mimi nikusindikize," tunapanda kurudi nyumbani.

Jumapili iliyopita nilimuuliza njiani kama siku ile alijua tunamdanganya.

"Mwenyekiti kukaa kwenye tope?" alisema. "Hata mbuzi angejua."

"Tangu tulipoanza kuanguka?"

"Tangu mlangoni. Shemeji yangu amekuja kwangu miaka yote hiyo, hajawahi kuomba kusindikizwa. Anajiondokea tu."

"Sasa mbona ulitoka?"

Kulikuwa na jua, na barabara ilikuwa kavu.

"Kile kigoda ulichokaa," alisema. "Mama yako alikufa amekikalia, pale pale kwenye nguzo. Alisema anapumzika kidogo. Nami nilikuwa nimekaa palepale pangu, namwangalia, nikifikiri amelala."

Sikuwa nalijua hilo. Siku ya msiba tuliambiwa alikufa kitandani, na ni yeye aliyetuambia.

"Nikakuona umekaa," alisema baba. "Nikaona niinuke mapema."

Nikamshika mkono, tukaendelea kupanda.